Vibarua Watano: Uchambuzi wa Kisa cha Tovuti ya Kuuza Picha Iliyokuwa Ikizimika Mchana

Usuli

Tovuti ya kisa hiki ni ya wapigapicha wanne wa mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Wanauza picha kwa leseni: mpigapicha anapakia picha mara moja, kisha mnunuzi yeyote analipia haki ya kuitumia, na bei inapanda kwa ukubwa wa picha na aina ya matumizi. Majina yote nimeyaondoa na tarehe nimezisogeza. Hitilafu, mipangilio na makosa, yakiwemo yangu, nimeyaacha kama yalivyokuwa.

Thamani ya tovuti hii ni picha ambazo maktaba kubwa za ng'ambo hazina, au wanazo zilizopigwa na mtu aliyepita siku mbili akaondoka. Akina mama wa mwani wakiwa shambani maji yamekupwa, fundi akikalafati jahazi, mnada wa samaki alfajiri, darasa la kijijini ambamo watoto wanasoma kweli bila kupangwa. Wanunuzi wakubwa ni wachapishaji wa vitabu vya kiada, wakifuatiwa na kampuni za utalii na mashirika. Kwa wawili kati ya wale wanne, mauzo haya ndiyo yanayolipa kodi ya nyumba.

Miezi minane kabla ya tukio, tovuti ilihamishwa kutoka kwenye seva ya kuchangia na watu wengine, iliyotumia Apache (programu ya kutoa kurasa za wavuti), kwenda kwenye seva yao wenyewe ya kukodi: viini viwili vya kichakato, RAM (kumbukumbu) ya gigabaiti 4, mfumo endeshi wa Ubuntu 22.04 (aina ya Linux), Nginx (inayofanya kazi ile ile ya Apache), lugha ya programu ya PHP 8.1, hifadhidata ya MariaDB, na WordPress ya kuendesha tovuti pamoja na plagini (programu ya nyongeza) ya duka. Fundi aliyehamisha alimaliza kazi, akalipwa, akaenda zake. Hakuacha hata ukurasa mmoja wa maelezo. Tangu hapo seva ilikuwa mikononi mwa mmoja wa wapigapicha, nitakayemwita Msimamizi, dada aliyejifunza kazi hii mwenyewe usiku baada ya kupiga picha za harusi. Picha zilikuwa zimefika kama 9,000.

Malalamiko yalivyokuja

Simu ya kwanza niliipokea saa saba mchana. "Kaka, tovuti imelala tena. Na leo kuna mteja pesa yake imekatwa, picha hajapata."

Nilimwomba anieleze yote yanayomsumbua, hata anayodhani hayahusiani. Yalikuwa matatu. Kwanza, tovuti ilikuwa ikigoma mchana kwa dakika kumi au ishirini ikitoa kosa la 504 (seva imechoka kusubiri jibu), kisha inaamka yenyewe. Pili, picha kutoka kamera mpya ya megapikseli 45 zilikuwa zikikataa kupakiwa mara kwa mara, na picha pana za mandhari zilikataa kabisa. Tatu, msanifu kurasa wa mchapishaji mmoja alilalamika kwamba picha aliyoinunua kwa bei ya ukubwa kamili imemfikia ndogo.

Wenye tovuti walikwisha kuamua chanzo ni kimoja, kwamba seva imelemewa, na dawa ni kukodi kubwa zaidi. Mimi nilikubaliana nao nusu. Lalamiko la tatu nililiweka kando nikidhani msanifu amepakua toleo la onyesho kwa bahati mbaya. Nilirudi kwake baada ya siku mbili, na siku mbili hizo zilikuwa nyingi mno.

Siku ya kwanza: dawa kabla ya vipimo

PHP-FPM, sehemu ya seva inayoendesha programu za PHP, hufanya kazi kwa michakato iliyowekwa tayari, ambayo hapa nitaiita vibarua. Kila ombi linalohitaji PHP hushikwa na kibarua mmoja mpaka liishe. Kwenye Ubuntu, mpangilio wa awali wa pm.max_children, yaani idadi ya juu ya vibarua, ni 5, na seva hii ilikuwa haijaguswa: vibarua watano kwa duka zima. Kwenye logi (daftari la matukio) ya PHP-FPM palikuwa na onyo kwamba idadi ya juu imefikiwa na kwamba ifikiriwe kuongezwa.

Nikaongeza. Niliandika 20, nikawasha upya, tovuti ikaamka, nikampigia Msimamizi kumwambia mambo yametulia.

Jioni yake wapigapicha watatu walikaa kupakia picha za tamasha kwa wakati mmoja. Tovuti ilikufa, na safari hii haikuamka. Logi ya kerneli, kiini cha mfumo endeshi, ilieleza wazi: kumbukumbu imekwisha, mchakato wa mariadbd umeuawa. Hifadhidata ilijiwasha, ikauawa tena. Dakika 40 duka lilikuwa limefungwa mpaka niliporudisha tarakimu ile ile ya 5.

Hesabu ambayo ningepaswa kuifanya kwanza ni hii. Kibarua wa kawaida kwenye tovuti hii alikuwa anakula kama megabaiti 80. Ishirini ni gigabaiti 1.6. MariaDB ilipewa gigabaiti 1. Hapo bado. Lakini WordPress inapopokea picha huikata saizi mbalimbali ndani ya ombi lile lile, kwa kutumia programu ya picha iitwayo ImageMagick, na ImageMagick inayotumia biti 16 kwa kila rangi huhitaji baiti 8 kwa kila pikseli. Picha ya 8192 kwa 5464 ni zaidi ya megabaiti 350 ikishafunguliwa, hata kama faili lake diskini ni megabaiti 15. Na kumbukumbu hiyo haihesabiwi kwenye memory_limit ya PHP, kwa hiyo kikomo tulichodhani kinatulinda hakikuwa kinalinda kitu. Watu watatu wakipakia kwa pamoja ni gigabaiti nyingine. Seva haikuwa na nafasi ya akiba diskini ya kukimbilia. Kerneli ikachagua mnene kuliko wote, akaenda hifadhidata.

Siku ya pili: kuwauliza vibarua wanafanya nini

Asubuhi nilichukua nakala rudufu ya seva nzima, nikaifungua kwenye seva nyingine kuhakikisha inafunguka, ndipo nikagusa kitu. Kisha niliwasha logi ya maombi ya polepole ya PHP-FPM: ombi likizidi sekunde 10, iandike kibarua amesimama mstari gani wa programu. Nikasubiri mchana.

Saa saba na robo tovuti ikagoma, na logi ikaanza kujaa. Nilitarajia kuona kukata picha, au utafutaji mzito kwenye hifadhidata. Vibarua wote watano walikuwa wamesimama mahali pamoja: kwenye mstari unaosoma faili na kulituma kwa mnunuzi. Walikuwa hawatumii kichakato wala diski. Walikuwa wanamsubiri mtu mwenye intaneti ya polepole amalize kupakua.

Picha ya megabaiti 40 kwenye laini inayotoa megabiti 1 kwa sekunde huchukua sekunde 320, zaidi ya dakika tano. Mteja mmoja aliyenunua picha kumi na mbili akafungua viungo vyote kwa pamoja anawamaliza vibarua wote peke yake. Maombi ya wengine yanakaa foleni, Nginx inasubiri sekunde 60, inachoka, inatoa 504. Kikomo cha sekunde 30 cha muda wa kutekeleza programu hakikumwondoa yeyote, kwa sababu kwenye Linux kikomo hicho hakihesabu muda ambao PHP imesimama ikisubiri kuandika au kusoma. Mchana ndio wakati wasanifu wa ofisi za wachapishaji wanapakua walichochagua asubuhi.

Hata hivyo jambo moja lilinisumbua. Nginx kwa kawaida haimwachi kibarua asubiri hivyo. Hupokea jibu lote haraka, ikihifadhi linalozidi kwenye faili la muda diskini, ikamwachilia kibarua, kisha ikamlisha mnunuzi taratibu yenyewe. Kwa nini hapa haikufanya hivyo?

Jibu lilikuwa mstari mmoja: fastcgi_max_temp_file_size 0. Sifuri maana yake ni marufuku kuhifadhi majibu kwenye faili la muda. Tarehe ya faili la mipangilio ilionyesha limeguswa miezi mitano nyuma. Nilimuuliza Msimamizi, akanyamaza kidogo, akakumbuka. "Logi ilikuwa imejaa onyo la majibu kuandikwa kwenye faili la muda. Nikatafuta, nikakuta maelekezo, weka sifuri. Nikaweka, onyo likaisha."

Onyo lile ni taarifa tu kwamba Nginx inafanya kazi yake. Wengi wamelinyamazisha kwa mstari huo huo, na simlaumu hata kidogo, maana usiku huo alikuwa peke yake na logi yenye mamia ya mistari ya njano. Nilichojali zaidi ni kwamba kati ya siku ile na siku tovuti ilipoanza kugoma zilipita wiki nyingi, mauzo yakiongezeka kidogo kidogo, hivyo hakuna aliyeweza kuunganisha tendo na matokeo.

Pesa iliyokatwa bila picha ilipata maelezo hapo hapo. Mtandao wa simu ulipotuma taarifa kwamba malipo yamekamilika, taarifa hiyo iliingia kwenye foleni ile ile ya vibarua watano, ikakosa wa kuipokea, oda ikabaki "inasubiri malipo".

Picha ndogo, na mlango uliokuwa wazi

Ndipo nikamrudia msanifu kurasa. Picha aliyonitumia ilikuwa na upana wa pikseli 2560 kamili. Namba hiyo haiji kwa bahati. Tangu toleo la 5.3, lililotoka Novemba 2019, WordPress ikipokea picha yenye upande unaozidi pikseli 2560 hutengeneza nakala iliyopunguzwa mpaka hapo, huongeza neno "-scaled" mwishoni mwa jina, na hiyo ndiyo inayotumika kila mahali. Picha ya asili inabaki diskini, lakini anayeomba anwani ya picha kwa njia ya kawaida anapewa iliyopunguzwa.

Kabla ya kuhamia seva mpya, wapigapicha walikuwa wakiweka picha za asili kwenye folda maalumu nje ya maktaba ya WordPress. Baada ya kuhama, wakaanza kupakia kupitia maktaba kwa sababu ni rahisi. Kwa miezi minane, kila aliyenunua picha mpya kwa bei ya ukubwa kamili alipelekewa pikseli 2560. Waliotumia kwenye tovuti au mabango madogo hawakugundua. Kwenye karatasi hali ni nyingine: kwa nukta 300 kwa inchi, pikseli 2560 zinatosha sentimita 21 na kitu, kwenye kurasa mbili za A4 zilizofunguliwa, sentimita 42, zinabaki nukta kama 155.

Nilipokuwa natafuta picha ya asili iko wapi, niliandika anwani yake kwenye kivinjari ambacho sikuwa nimeingia nacho kama msimamizi. Nilitarajia kukataliwa. Picha ikafunguka yote, pikseli 6000, bila alama ya umiliki.

Picha za onyesho kwenye duka zilikuwa na majina yanayoishia kwa vipimo, mfano 1024x683. Ukifuta vipimo hivyo kwenye anwani, unabaki na jina la picha ya asili. Kwenye seva ya zamani kulikuwa na faili la .htaccess lililozuia jambo hili, na plagini ya duka nayo ilikuwa imeweka lake kwenye folda ya faili zinazouzwa. Yote mawili yalihamishwa salama, yalikuwepo, ukiyafungua yanasoma vizuri. Ila .htaccess ni lugha ya Apache. Nginx haiyasomi. Kwa miezi minane kufuli lilikuwa limening'inia kwenye mlango usiofungwa.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kufunga mlango kabla ya kushughulikia kasi. Tovuti ikigoma, wapigapicha wanapoteza mauzo ya mchana mmoja. Picha ya asili ikitoka bila leseni, hairudi tena. Sheria ya kukataa iliandikwa kwenye Nginx ndani ya dakika chache, kisha usiku picha zote za asili zikahamishiwa folda iliyo nje kabisa ya eneo linalofikiwa na wavuti, na njia za faili zikarekebishwa kwenye hifadhidata ya duka. Kwa kuhamisha hivyo, hata mtu akikosea mipangilio kesho, hakuna anwani ya kuzifikia.

Wa pili ulihusu upakuaji. Ningeweza kufuta ile sifuri na kuishia hapo. Niliifuta, lakini nilikwenda mbele: PHP ikague kama mtu amelipa, kisha itoe amri ya X-Accel-Redirect, na Nginx yenyewe itoe faili kutoka folda iliyofungwa. Kibarua anaachiliwa ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Plagini ya duka tayari ilikuwa na chaguo hilo kwenye mipangilio; ilibaki kuiandalia Nginx upande wake. Faida nyingine, ambayo kwa wateja wetu ni kubwa kuliko kasi, ni kwamba Nginx inaruhusu kuendelea pale upakuaji ulipokatikia. Zamani laini ikikatika kwenye megabaiti 38 kati ya 40, mteja alianza upya, akitumia bando lake mara mbili na kibarua wetu mara mbili.

Wa tatu, njia ya kupokea taarifa za malipo ilipewa kundi lake la vibarua wawili ambao hawafanyi kazi nyingine yoyote. Kila dakika kumi kuna kazi inayouliza upya hali ya oda zilizokwama kwenye kusubiri. Mtu aliyelipa asitegemee bahati ya foleni.

Wa nne ulikuwa kuondoa ukataji wa picha kwenye maombi ya wavuti. Wapigapicha sasa wanaweka picha kwenye folda ya kupokelea, na usiku programu inayotumia libvips, zana nyingine ya kuchakata picha, inazichakata moja baada ya nyingine, inatengeneza toleo la onyesho lenye alama, na toleo hilo peke yake ndilo linaloingia WordPress. Libvips husoma picha vipande vipande, haifungui yote kwa pamoja, kwa hiyo kumbukumbu inayotumika ni ndogo. Picha pana za mandhari nazo zikapita. Zilikuwa zinakataliwa na faili la sera la ImageMagick, ambalo kwenye Ubuntu linaweka kikomo cha pikseli 16,000 kwa upana. Wapigapicha hawakuufurahia mpango huu mwanzoni, maana walizoea kuona picha dukani papo hapo.

Seva kubwa hatukukodi. Baada ya ukataji kuondoka, vibarua 12 walitosha kwenye gigabaiti 4 na nafasi ikabaki. Wazo la kuhamishia picha kwenye hifadhi ya wingu lilijadiliwa na nikalipinga kwa wakati ule: bili yake ni ya dola na inapanda na kila upakuaji, wakati mapato ya tovuti ni ya shilingi.

Uamuzi mgumu haukuwa wa kiufundi. Je, wapigapicha wengine waliokabidhi picha zao kwenye tovuti, nje ya wale wanne, waambiwe kuhusu mlango uliokuwa wazi? Mmoja wa wamiliki alisema tukinyamaza hakuna atakayejua. Msimamizi alikataa. Alisema, "Hizi ni picha za watu. Wametuamini." Wakaandikiwa wote, wakaelezwa kilichojulikana na mipaka ya kilichojulikana.

Matokeo

Mchana wa wiki iliyofuata mchapishaji mmoja alipakua picha 34 kwa pamoja na tovuti haikutetereka. Kwenye ukurasa wa hali ya PHP-FPM sikuona zaidi ya vibarua watatu wenye kazi. Oda tisa zilizokuwa zimelipwa bila kukamilika zilipatikana, zikakamilishwa, na wateja wakapigiwa simu badala ya kutumiwa ujumbe.

Oda zilizopelekewa picha iliyopunguzwa zilikuwa 63. Wote walitumiwa picha kamili. Wawili walikuwa wamekwisha kuchapa, mmoja akiwa na picha ya mashamba ya mwani kwenye kurasa mbili za katikati, na ukungu wake unaonekana hata kwa jicho la kawaida. Walirudishiwa fedha. Mmoja wao hajanunua tena.

Kuhusu mlango, ushahidi ulikuwa mfupi. Ubuntu huhifadhi logi za Nginx siku 14 tu isipoambiwa vingine, kwa hiyo miezi saba na nusu ya mwanzo ilikuwa imefutika. Ndani ya siku hizo 14, anwani tatu ambazo hazikuwahi kununua zilichukua picha za asili 211.

Uchambuzi

Kilichotuokoa ni logi ya maombi ya polepole. Mistari miwili ya mipangilio ilijibu swali ambalo wenye tovuti walilijadili wiki tatu na mimi nililijibu vibaya kwa siku moja. Onyo la idadi ya vibarua lilikuwa kweli, lakini lilieleza dalili. Mtu akikuta foleni ndefu zahanati anaweza kuomba madaktari zaidi kabla ya kuuliza kwa nini kila mgonjwa anakaa ndani dakika tano akisubiri karatasi, na mimi ndivyo nilivyofanya.

Kosa langu zito zaidi halikuwa 20 badala ya 5. Lilikuwa kumpuuza msanifu kurasa. Lalamiko lake lilikuwa na kipimo bayana zaidi ndani yake, 2560, kuliko malalamiko mengine yote, na ndilo lililoongoza kwenye mlango. Ningelifuata siku ya kwanza, mlango ungefungwa siku mbili mapema, na kwenye logi ile nilihesabu picha 40 zilizotoka ndani ya siku hizo mbili. Nililiweka kando kwa sababu lilitoka kwa mtu asiye fundi.

Uhamisho wa seva ulikaguliwa kwa swali moja: je, kila kitu kinafunguka? Hakuna aliyeuliza upande wa pili, je, kinachopaswa kukataa kinakataa? Sasa kuna kazi fupi inayojaribu kila saa kufungua picha kumi za asili bila kuingia kwenye akaunti, na ikifanikiwa hata moja inamtumia Msimamizi ujumbe wa simu. Logi zinahifadhiwa mwaka mzima. Mabadiliko yote ya mipangilio yanaingia kwenye etckeeper, programu inayotunza historia ya mipangilio, yakiwa na sentensi ya kwa nini, ili mwenye kuweka sifuri na mwenye kuikuta wasikutane kwa kubahatisha tarehe ya faili.

Barua kwa wapigapicha ilijibiwa na wengi kwa maswali, na wachache kwa hasira. Mzee mmoja, aliyepiga picha za bandari tangu enzi za filamu na kuzitoa skani moja moja, aliomba picha zake zote 412 zishushwe. Zilishushwa siku hiyo hiyo. Msimamizi alimpelekea faili zake kwa mkono, kwenye diski ya kubebeka, akakaa naye barazani akimwonyesha kwenye orodha ni picha zake zipi kumi na tisa zilizomo katika zile 211. Mpaka naandika haya hajazirudisha.